Ulinganishaji wa Dozi ya Jeni za Kromosomu za Jinsia

Ulinganishaji wa dozi ni utaratibu ambao kwa huo seli za mnyama hurekebisha utendaji wa jeni zilizomo katika kromosomu za jinsia, ili tofauti ya idadi ya kromosomu hizo kati ya jike na dume isivuruge kiasi cha protini kinachotengenezwa. Kwa karibu mamalia wote, jike ana kromosomu X mbili, ilhali dume ana X moja na Y moja. X ya binadamu hubeba jeni za protini zipatazo 800 na Y hubeba chache mno, hivyo kama jeni zote za X zingeachwa zifanye kazi, seli ya jike ingezalisha takriban maradufu ya ile ya dume.

Mamalia huliepuka tatizo hilo kwa kuizima X moja katika kila seli ya jike, wazo ambalo Mary Lyon, mwanajenetiki wa Uingereza, alilitoa mwaka 1961 baada ya kuchunguza rangi za manyoya ya panya. Jeni iitwayo XIST, iliyomo katika kromosomu ile ile itakayozimwa, hutoa RNA (molekuli inayonakiliwa kutoka kwenye DNA) ndefu isiyotafsiriwa kuwa protini; RNA hiyo huifunika kromosomu na kuvuta protini zinazoikunja na kuibana mpaka jeni zake nyingi zinyamaze. Kwa mamalia wenye kondo, X ya kuzimwa katika kila seli hupatikana kwa bahati nasibu mapema katika kiinitete, na seli zote zinazozaliwa na seli hiyo hurithi uamuzi huo. Ndiyo maana paka jike aliyepata jeni ya rangi ya machungwa katika X moja, na ya rangi nyeusi katika nyingine, huwa na mabaka ya rangi zote mbili, na dume wa namna hiyo ni nadra. Hata hivyo, neno “kuzima” lisichukuliwe kwa ukamilifu wake, kwani baadhi ya jeni huendelea kufanya kazi katika X iliyonyamazishwa.

Nzi wa matunda hufanya kinyume: dume ndiye anayeongeza usomaji wa X yake pekee hadi karibu mara mbili. Mnyoo *Caenorhabditis elegans*, ambaye huntha wake (mwenye uzazi wa kike na wa kiume kwa pamoja) ana X mbili na dume ana moja bila Y, hupunguza utendaji wa X zote mbili za huntha kwa takriban nusu.

Kwa ndege, kromosomu za jinsia huitwa Z na W: jike ana Z na W, dume ana Z mbili, na ulinganishaji si kamili. Jeni nyingi za Z hutenda zaidi kwa dume. Mojawapo ya jeni za Z, DMRT1, hutegemea tofauti hiyo hiyo, kwa kuwa nakala zake mbili ndizo zinazokielekeza kiinitete cha kuku kujenga korodani.