Ulikimbia ukatili nyumbani? Usijinyime malipo ya likizo ya uzazi

Nashauri watu kuhusu mafao hapa Australia, na maombi yanayonisikitisha zaidi ni yale yasiyopelekwa kabisa. Mama amekimbia nyumba na kupoteza kazi, halafu mtu anamwambia malipo ya likizo ya uzazi ni ya wenye kazi. Anajitoa mwenyewe.

Kigezo cha kazi kipo kweli. Unatakiwa uwe umefanya kazi miezi 10 kati ya 13 kabla ya mtoto kuzaliwa au kuasiliwa, kwa jumla ya saa 330 ndani ya miezi hiyo 10, yaani kama siku moja kwa wiki. Pengo kati ya siku mbili za kazi lisizidi wiki 12. Kibarua kinahesabika, na likizo yenye malipo pia.

Sasa mfikirie anayeishi na mnyanyasaji. Asubuhi ya zamu funguo za gari hazionekani. Mume anapiga simu kazini kutwa nzima mpaka msimamizi anachoka. Mama anahamia mji mwingine na begi moja, wiki 12 zinapita akitafuta pa kulala. Kwa kalenda ameshindwa. Lakini sheria inasema: kama ungekitimiza kigezo isingekuwa ukatili huo, unaweza kuhesabiwa umekitimiza. Masharti ya ukaazi na kipato hayaguswi.

Maombi mengi hulegea hapa. Watu husimulia kipigo kwa urefu, wakasahau kukiunganisha na kazi. Eleza ulifanya kazi wapi, saa ngapi, ukatili ulianza lini na ulikukatizaje. Omba kuonana na mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa Centrelink, ofisi ya serikali inayoshughulikia mafao, na mkalimani wa Kiswahili, hulipii.

Usichanganye malipo haya ya serikali na likizo ya wazazi isiyo na malipo anayotoa mwajiri. Hiyo inadai uwe umemtumikia mwajiri huyohuyo miezi 12. Kwa hiyo, ukiweza, usiandike barua ya kuacha kazi kabla ya kuomba likizo ya ukatili wa majumbani: siku 10 kwa mwaka, zenye malipo, hata kwa kibarua. Hati ya mshahara hairuhusiwi kuitaja likizo hiyo. (Waliotunga kanuni walijua nani hupekua karatasi za mwenzake.)

Jambo jingine ni kutengana. Malipo ni siku 120 kwa mtoto aliyezaliwa kuanzia Julai 2025, na siku 130 kuanzia Julai 2026. Wenye wenzi hutengewa sehemu kila mmoja, lakini asiye na mwenzi wakati wa kuomba anaweza kuzichukua zote. Andika hali yako ilivyo siku hiyo, hata kama wazee bado wanawasuluhisha. Na kabla ya kuingia myGov, akaunti ya mtandaoni ya huduma za serikali, badili neno la siri, kwa simu ambayo mnyanyasaji hajawahi kuishika.