Maharage mekundu na kongosho: maswali yaliyoanzia Soko la Mwanga

Mama mmoja muuza nafaka pale Mwanga, Kigoma mjini, alinishika mkono nikipima kilo zangu mbili za maharage. "Sista, nasikia wataalamu wamegundua maharage mabichi yanatibu ugonjwa wa kongosho. Ni kweli?" Nikamjibu kwa kifupi kwamba ni majaribio ya panya waliopewa lektini, protini iliyomo kwenye maharage mabichi, si tiba ya watu. Lakini swali likanifuata hadi kwenye kikao chetu cha vikoba, na huko likazaa mengine.

Kwanza, kongosho ni kitu gani?

Ni tezi iliyojilaza nyuma ya mfuko wa chakula, urefu wake kama sentimita 15. Hutengeneza insulini, na pia vimeng'enya vya kusaga chakula. Vimeng'enya hivyo hutoka vikiwa vimelala, vikaamkia kwenye utumbo mdogo. Balaa huanza vikiamka vingali ndani ya kongosho: vinaitafuna tezi iliyovizaa, nayo inavimba. Mara nyingi chanzo ni mawe ya kifuko cha nyongo au pombe. Mara chache ni minyoo mikubwa ya tumboni iliyopotea njia ikaingia kwenye mrija wa nyongo, nalo ni jambo la kukumbuka kwa watoto wetu wanaochezea udongo wakala bila kunawa mikono.

Na hiyo lektini inayosemwa?

Lektini ni protini inayonasa sukari zilizo juu ya seli. Ya kwanza kuelezwa ilitoka kwenye mbegu za mbarika. Mwaka 1888 Peter Hermann Stillmark, akiwa Dorpat (leo Tartu, nchini Estonia), aliona chembe nyekundu za damu zikigandamana baada ya kukutana nayo. Maharage mekundu nayo yana ya kwao, fitohemaglutinini. Hiyo ndiyo inayomwangusha mtu aliyekula maharage yasiyoiva.

Kwa hiyo panya walifanyiwa nini hasa?

Ili kuwaumiza kongosho kwa makusudi, watafiti huwachoma panya wa maabara sindano za seruleini. Dawa hii ina historia ya ajabu: iligunduliwa kwenye ngozi ya chura wa kijani wa Australia. Inafanana na kolesistokinini, homoni ambayo utumbo huitoa baada ya mlo ili kuiamsha kongosho. Ikizidishwa, kongosho ya panya huvimba ndani ya saa chache.

Katika majaribio ya lektini, panya walipewa kwanza kiasi kidogo cha fitohemaglutinini tumboni, kisha ndipo wakachomwa seruleini. Uvimbe ukawa mdogo kuliko kwa wenzao ambao hawakupewa, na vimeng'enya vilivyovuja kwenye damu vikapungua. Angalia mpangilio: kinga ilitangulia ugonjwa. Anayefika kwetu hospitalini akiugulia maumivu amejishika tumbo, ameshachelewa kwa kinga ya namna hiyo.

Sumu inawezaje kukinga?

Hapa ndipo mimi mwenyewe ninapopapenda. Lektini haiyeyushwi kirahisi tumboni. Hufika utumboni ikiwa nzima, ikajishika kwenye ukuta wake, na utumbo ukatoa kolesistokinini. Homoni hiyo ikiwa kidogo, ujumbe wake hupita kwenye neva za hisia na kongosho hujiweka tayari. Ikiwa nyingi, huidhuru, kama seruleini inavyofanya. Ndiyo maana panya wanaolishwa maharage mabichi kwa siku nyingi huota kongosho kubwa kupita kawaida, na hiyo si afya.

Basi nikitafuna punje chache kila asubuhi?

Usithubutu. Punje nne au tano mbichi za maharage mekundu zinatosha kukutapisha na kukuharisha ndani ya saa moja hadi tatu. Panya wale walipewa kipimo kilichopimwa kwa uzito wa mwili. Wewe utapimia nini, kijiko?

Loweka angalau saa tano, mwaga maji hayo, weka mengine, kisha chemsha kwa moto mkali usiopungua dakika 10. Mimi nafikisha 30 kabla ya kupunguza moto yaendelee kuiva. Najua mkaa umepanda, na najua wapo wanaotia maharage na maji ya moto kwenye chupa ya chai usiku kucha. Kulowekea humo sawa, kuivishia humo hapana. Joto lisilofika kuchemka linaweza kuiongezea lektini ukali badala ya kuiua. Magadi nayo hulainisha ganda tu, hayachukui nafasi ya moto. Yakishachemka vizuri, ungia mawese, ule na ugali wako wa muhogo bila wasiwasi.

Nitajuaje kwamba tumbo hili ni la kongosho?

Maumivu makali juu ya kitovu, yanayopenya hadi mgongoni, mara nyingi na kutapika. Wengi hupata nafuu kidogo wakikaa na kuinamia mbele. Usimeze dawa za vidonda vya tumbo ukasubiri kesho, nenda hospitali. Damu itapimwa amilezi au lipezi, vimeng'enya vya kongosho, na kimojawapo kikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida pamoja na maumivu hayo, jibu limepatikana. Utawekewa dripu, utapewa dawa ya maumivu, na kifuko cha nyongo kitaangaliwa kwa ultrasaundi. Ukiulizwa kuhusu pombe, sema ukweli, hata kama mama mkwe yuko pembeni. Au mwombe muuguzi amtoe nje kwanza.