Ukuta wa paa katika Vastu: kwa nini kusini na magharibi hupandishwa

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba nyumba ina pande za kuchunga. Fundi anayemjengea Mwislamu huuliza kibla kiko wapi kabla ya kuchora choo, maana choo hakielekezwi huko. Wahindu nao wana elimu yao ya pande za nyumba, Vastu Shastra, na yao haikuishia chooni. Inagusa mlango, jiko, kisima, ngazi, na hata ule ukuta mfupi unaozunguka ukingo wa paa la zege. Mafundi wetu huuita parapeti. Wahindi huuita munder.

Kanuni ya munder ni fupi. Ukuta wa kusini na wa magharibi uwe mrefu na mnene kuliko wa kaskazini na wa mashariki. Kona ya kusini magharibi iwe juu kuliko zote, ya kaskazini mashariki iwe chini kuliko zote. Kwa tofali, mambo huwa hivi: kaskazini na mashariki unapandisha futi 3 na nusu kwa nusu tofali, yaani unene wa inchi 4 na nusu, kusini na magharibi unapandisha futi 4 kwa tofali zima, inchi 9. Tofauti ya urefu ni kozi mbili tu, yaani mistari miwili ya tofali. Mpita njia hataiona, lakini mwenye nyumba anajua ipo.

Sababu ya kwanza ni ya dini, na ndiyo mzizi wa zingine. Masimulizi ya kale yanasema palikuwa na kiumbe kikubwa kilichoziba mbingu na ardhi. Miungu ikakikamata, ikakilaza kifudifudi na kukikalia kila mmoja mahali pake. Kiumbe hicho ndicho Vastu Purusha, na kila kiwanja kinahesabiwa kuwa kimelalia mwili wake: kichwa kaskazini mashariki, miguu kusini magharibi. Wajenzi humchora ndani ya mraba uliogawanywa miraba midogo 64 au 81. Katika ule wa 81 wamo miungu 45, na Brahma amekaa katikati. Kona ya kichwa ni ya Ishana, pahali pa sala na maji. Kona ya miguu ni ya Nirriti, na huko ndiko uzito unakopelekwa. Ukishaiona picha hiyo, kanuni ya ukuta inajieleza. Nani atamwekea mtu mzigo kichwani wakati miguu ipo?

Hapa kuna jambo ambalo washauri wengi wa Vastu hulipita haraka. Vitabu vya zamani, kama Brihat Samhita ya Varahamihira ya karne ya 6, havikuandikiwa nyumba ya zege yenye tangi la plastiki juu. Vilizungumza sana juu ya ardhi: udongo, harufu yake, na mteremko wa kiwanja. Kiwanja kinachoshuka kuelekea kaskazini au mashariki ndicho kilichosifiwa. Mimi naiona kanuni ya munder kuwa ni kanuni ya kiwanja iliyopandishwa juu. Paa la zege limekuwa uwanja wa pili wa nyumba: watu wanaanika pilipili na papadi, wanalala nje usiku wa joto, wanazungumza na jirani. Kwa hiyo nalo likapewa juu na chini kama ardhi, na maji yake yakaelekezwa kule kule, kaskazini au mashariki.

Sababu ya pili ni ile inayoitwa ya kisayansi: ati ukuta mrefu wa kusini na magharibi hukinga paa na jua kali. Nimeipigia hesabu kwa Delhi, iliyoko karibu nyuzi 28.6 kaskazini mwa ikweta, ambako jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima. Desemba jua la mchana hupanda nyuzi 38 tu, na ukuta wa futi 4 upande wa kusini hutupa kivuli cha futi 5 hivi. Juni, kwenye joto lenyewe, jua hufika nyuzi 85 na kivuli cha ukuta uleule hakizidi inchi 5. Yaani ukuta wa kusini unakupa kivuli wakati wa baridi, unapotamani kuota jua, na kukunyima wakati unaungua. Ukuta wa magharibi ndio unaofanya kazi kweli. Jioni jua likishuka hadi nyuzi 20, futi 4 za ukuta hulaza kivuli cha zaidi ya futi 10 juu ya sakafu ya paa. Na upande wa mashariki ulioachwa chini hupokea jua la asubuhi, ambalo halina ugomvi na mtu.

Je, huku kwetu? Wahindu wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam wanaijua Vastu, na swali hili lipo. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo tangu Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linakaa kaskazini. Hoja ya jua la kusini hapo inageuka kichwa chini. Anayeifuata Vastu kama ibada hasumbuki: kaskazini mashariki ni pa Ishana hapa kama ilivyo Jaipur. Anayeifuata kwa ajili ya ubaridi wa nyumba, abaki na ukuta wa magharibi, huo wa kusini asiugharamie kwa sababu ya jua.

Upepo ndio unaofanana. Kusi, aliyekuwa akiyasukuma majahazi yetu kwenda Bara Hindi, akishavuka ikweta hupinda na kuingia India akitokea kusini magharibi. Ndiye anayeshusha mvua za Kerala kuanzia mwanzo wa Juni. Ukuta unaokabiliana naye ukiwa mrefu, lazima uwe mnene, maana nusu tofali iliyosimama peke yake kwenye upepo haiaminiki. Kwa hilo Vastu na fundi wanakubaliana bila ubishi.

Maji nayo yana habari yake. Ukishazungushia paa ukuta umejenga beseni, na beseni lisilo na tundu hujaa. Mteremko ushuke kuelekea kaskazini au mashariki, na kwenye tundu la bomba mafundi wa India hutengeneza kishimo kidogo wanachokiita khurra ili maji yakusanyike yasitapakae. Pale ukuta unapokutana na sakafu ya zege huwekwa mviringo wa saruji, gola, kwa sababu ndipo ufa unapoanzia. Juu ya ukuta, uso usiachwe bapa. Uinamishwe kidogo kuelekea ndani, la sivyo maji yatateremka na kuchafua plasta ya nje. Nyumba nyingi zinazovuja huvujia kwenye kiungo cha ukuta na sakafu, hata kama pande zote nne zilipangwa kwa Vastu safi kabisa.

Tangi huwekwa kusini magharibi au magharibi, kule kule kwenye uzito, na chumba kinachofunika ngazi hupelekwa huko pia. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima. Mhandisi aambiwe mapema, ili nguzo iwe chini yake, si ukingo wa zege uliochomoza nje ya ukuta.

Aliyenunua nyumba ambayo kuta zote ziko sawa hana haja ya kubomoa. Kozi mbili juu ya kusini na magharibi zinatosha, kama ukuta ulioko chini unazibeba. Kosa ni kufanya kinyume, kuukata wa kaskazini na wa mashariki ili ule mwingine uonekane mrefu. Kanuni za ujenzi za India hazitaki ukuta wa paa upungue mita 1, na sababu inaonekana Gujarat kila tarehe 14 Januari, siku ya Uttarayan. Mji mzima wa Ahmedabad hupanda juu ya mapaa kurusha tiara. Watu wanatazama mbinguni, mikono kwenye uzi, wanarudi nyuma hatua moja, mbili, tatu, mpaka mgongo ukutane na munder. Wako wanaoanguka. Ukuta ukiishia kwenye paja, hata kama upande ni wa Ishana, mtu hupinduka.