Mguu mpana hautaki kiatu kirefu

Kazi yangu ni fiziotherapia na sehemu kubwa ya watu ninaowaona ni wa miguu, na mtu akija analalamika nyayo zinawaka moto akitembea kidogo tu, mimi kabla ya kumgusa naomba kwanza anivulie kiatu nikiangalie. Kwa wenye miguu mipana stori huwa ni ileile. Kiatu kimemzidi saizi moja, wengine hata mbili, kwa sababu saizi yake halisi ilimbana pembeni, muuzaji akamwambia jaribu inayofuata, ikaingia, akalipa akaondoka. Baada ya muda kisigino kinachubuka, kucha ya kidole gumba inakuwa nyeusi, jioni miguu haitamaniki, halafu anakuja kwangu ameshajiaminisha kwamba ana miguu mibaya.

Miguu haina shida. Sasa ngoja nieleze kwa nini kuongeza saizi hakukusaidii, maana hapa ndo watu wengi wanapoliwa.

Ukipanda saizi moja kwa zile namba za Ulaya, kiatu kinarefuka karibu milimita 6.7. Upana nao unaongezeka lakini kidogo sana, kwa hiyo wewe uliyekuwa unatafuta nafasi pembeni unapewa nafasi mbele, mahali ambapo hukuihitaji. Na sio hilo tu. Mguu una sehemu yake pana kuliko zote, ni pale vidole vinapoanzia, kuanzia kifundo cha chini cha kidole gumba mpaka kile cha kidole cha mwisho, na kiatu nacho kina sehemu yake pana iliyotengenezwa ikae hapohapo, ndipo kinapokunjika ukipiga hatua. Kiatu kikiwa kirefu, ile sehemu yake pana inasogea mbele ya mguu wako, na upana wa mguu wako unaangukia nyuma kidogo, pale kiatu kinapoanza kuwa chembamba kuelekea kiunoni mwake, yaani katikati ya soli. Yaani umenunua kiatu kikubwa na bado kinakubana! Halafu kwa kuwa kisigino kinaogelea, vidole vinajikunja kila hatua ili kiatu kisitoke, na vikifanya hivyo mwendo mzima utapata sugu juu ya vidole na msuli wa unyayo utachoka vibaya.

Kuna kile kipimo cha chuma ambacho baadhi ya wauza viatu wanakitumia, kinaitwa Brannock kwa jina la Mmarekani aliyekibuni miaka ya 1920, Charles Brannock. Wengi wanajua kinapima urefu na upana. Ila kina kipande kingine cha kuteleza pembeni, hicho kinapima kutoka kisigino mpaka kile kifundo cha kidole gumba, na kipimo hicho kikitoa namba kubwa kuliko ya urefu wa kisigino mpaka ncha ya vidole basi inafuatwa hiyo kubwa. Mtu mwenye vidole vifupi na mguu mrefu nyuma yake anahitaji kujua hili, lakini mara nyingi hakuna anayemwambia. Ukipimwa omba upimwe hivyo, umesimama, miguu yote miwili, maana karibu kila mtu mguu mmoja umezidi mwingine na kiatu kinachaguliwa kwa ule mkubwa.

Hakuna kipimo? Karatasi inatosha. Fanya jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa shughuli za siku, vaa soksi utakazotembea nazo, simama uzito wako wote ukiwa kwenye mguu huo na mtu mwingine achore, kwa sababu ukiinama mwenyewe uzito unahama na mguu unabadilika umbo. Kalamu isimame wima, akiilaza kuelekea ndani anakuibia upana. Halafu, na hiki ndo kipimo ninachokiamini kuliko vyote, ukiwa dukani chomoa soli ya ndani ya kiatu unachokitaka uiweke chini usimame juu yake. Tazama kingo. Kama nyama ya mguu inamwagika nje pande zote mbili, hata kama ni kidogo, kiatu hicho rudisha bila kujadili. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote kibaki kama upana wa kidole gumba cha mkono, na angalia vizuri, kwa baadhi ya watu kirefu ni kidole cha pili wala sio gumba.

Sasa zile herufi zinazoonyesha upana wa kiatu. Kwa mfumo wa Marekani upana wa kawaida wa mwanaume ni D, mpana ni 2E, mpana zaidi ni 4E. Wa kawaida wa mwanamke ni B, mpana ni D, na 2E kwake ndo mpana zaidi. Kwa hiyo 2E haimaanishi kitu kimoja pande zote mbili, na mwanamke aliyekosa D kwenye rafu za wanawake anaweza kwenda za wanaume akapunguza saizi moja na nusu kwenye namba za Marekani akajaribu kiatu cha kawaida tu. Kisigino cha kiatu hicho kinaweza kuwa kipana mno kwake, na hapo ndipo lile tundu la mwisho la kamba ambalo watu hawalitumii linapofanya kazi: pitisha kamba upande uleule utengeneze kitanzi kidogo, kisha kila kamba ipite kwenye kitanzi cha upande wa pili ndipo ufunge. Kisigino kinatulia bila kukaza mbele.

Wapo watengenezaji wanaotoa kiatu kilekile kwa upana tofauti, New Balance wanajulikana kwa hilo, na wapo kama Altra ambao wao wamepanua zaidi pale mbele kwenye vidole kufuata umbo la mguu. Hivi ni vitu viwili tofauti na kabla hujanunua jiulize mguu wako ni mpana wapi. Kama ni kifundo kilichotokeza kando ya kidole gumba, unahitaji nafasi mbele na kitambaa laini kisicho na mshono pale juu ya kifundo. Kama mguu mzima umetandaa mpaka uvungu, ile sehemu ya katikati ya unyayo iliyoinuka, umelala chini, unahitaji upana kote, pamoja na soli yenyewe kuwa pana. Na kuna wale ambao mguu kwa kweli sio mpana, ni mnene kwa juu, mgongo wa mguu umeinuka, wao wanaachia kamba moja pale panapobana, wanaruka lile tundu tu, na shida inaisha bila kununua chochote.

Ukitaka kujua kiatu chako cha zamani kilikutosha upana kiweke mezani ukitazame kwa nyuma na kwa mbele. Kitambaa kikiwa kimetokeza nje kupita soli upande wa kidole cha mwisho, mguu ulikuwa unatembea nusu hewani. Nikiona hivyo siendelei hata kuuliza maswali.

Kuhusu kushikilia mguu, usidanganywe na ulaini. Kile kiatu ambacho ukikikanyaga unazama na kusema aah, mara nyingi baada ya mwendo mrefu ndo kinakuchosha, kwa sababu mguu unayumba ndani yake na misuli inafanya kazi ya kuusimamisha. Mimi nakishika mkononi. Naminya ukuta wa kisigino, ukilala kirahisi sikitaki. Nakisukuma ncha juu, kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapoanzia, kikikunjika katikati kwenye uvungu basi hakina mgongo. Mwisho nakishika huku na huku nakisokota kama mtu anayekamua nguo, kikizunguka mpaka kikageuka basi ni slipa imevalishwa kamba.

Na ile habari ya "kitaachia ukikivaa" mimi siikubali. Ngozi inaachia kidogo, vitambaa vya plastiki haviachii kitu cha maana, na soli hata iwe ya nini haipanuki. Kiatu cha kutembelea kinatakiwa kikae sawa siku hiyohiyo, tembea nacho dukani dakika kadhaa, miguu yote miwili, kama kuna ngazi au mteremko shuka uone vidole vinagonga mbele au la.

Wenye kisukari niwaambie pembeni. Ugonjwa ukishapunguza hisia za miguu huwezi tena kutegemea "nasikia kinabana", unaweza kuvaa kiatu kinachokuchoma siku nzima usijue mpaka uone kidonda, kwa hiyo upana upimwe na mtaalamu, na kila unapovaa pitisha mkono ndani kwanza kutafuta kokoto au mshono uliokunjamana. Na yeyote yule, mwenye kisukari au asiye nacho, mguu mmoja ukipanuka ghafla, umevimba, wa moto, umekuwa mwekundu, huyo hahitaji kiatu kipana, anahitaji daktari leo. Mipana ya kawaida inakuja taratibu na huwa ni yote miwili: umri unalegeza kano, ujauzito nao unaweza kuuacha mguu umeongezeka na usirudi, ndo maana namba uliyokuwa unavaa ujanani isikushikilie, pima upya kila unaponunua.