Je, wajua? Kaboni-14 haipimi umri wa jiwe

Kwenye mijadala ya dini Arusha na Moshi husikika kwamba wanasayansi walipima jiwe kwa kaboni wakaithibitisha Biblia. Upande wa pili hujibu kwamba walipima wakaikanusha. Pande zote mbili zinakosea palepale: kaboni-14 haipimi umri wa jiwe, wala wa maandishi yaliyochongwa juu yake. Hupima kilichowahi kuwa hai, kama mbegu, ngozi, kitani, mfupa au mkaa.

Kuishi jirani na Olduvai na Laetoli, maeneo yenye mabaki ya binadamu wa kale, huongeza mkanganyiko. Nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa 1978, zina umri wa miaka milioni 3.6 hivi, lakini kaboni haikuhusika, kwa kuwa uwezo wake unaishia kwenye miaka 50,000 hivi. Pale hupimwa potasiamu inayogeuka argoni ndani ya majivu ya volkano. Njia hiyo nayo haifai kwa jiwe la Tel Dan, lililopatikana kaskazini mwa Israeli mwaka 1993 likiwa na maneno "nyumba ya Daudi". Jiwe lile ni basalti: argoni ingeonyesha wakati lava ilipopoa, si wakati fundi aliposhika patasi. Wataalamu huliweka karne ya 9 KK kwa kusoma umbo la herufi na kuchunguza mahali lilipopatikana, na hapo makadirio yanaweza kupishana kwa miongo.

Kaboni-14, aina ya kaboni inayooza taratibu, huzaliwa angani, mionzi ya anga za juu inapogonga naitrojeni. Mimea huivuta, wanyama hula mimea. Kiumbe hai ni kama simtanki lenye tundu chini huku bomba likijaza juu: kinachovuja kinafidiwa, kina hakibadiliki. Kiumbe kikifa, bomba limefungwa. Kuvuja kunaendelea, kwa kasi inayopungua kadiri maji yanavyopungua, na katika kila miaka 5,730 hubaki nusu ya kilichokuwepo. Anayejua kina cha mwanzo hukadiria bomba lilifungwa lini. Jiwe halikuwahi kufunguliwa bomba.

Kina cha mwanzo, hata hivyo, hakikuwa kilekile nyakati zote, hivyo majibu ya maabara hurekebishwa kwa pete za miti ambayo mwaka wa kila pete unajulikana. Hapa ndipo historia ya Biblia ina bahati mbaya. Kati ya 800 na 400 KK mstari wa marekebisho umelala karibu tambarare: mbegu ya 750 na ya 450 zinaweza kutoa namba zinazokaribiana sana. Ndani ya kipindi hicho wamo Hezekia mfalme wa Yuda, kuanguka kwa Yerusalemu na kurudi kutoka uhamishoni.

Mfereji wa Yerusalemu wenye urefu wa mita 533 hivi, ambao wengi huuhusisha na Hezekia wa 2 Wafalme 20:20, ulipimwa hata hivyo. Katika utafiti uliochapishwa 2003, mabaki ya mimea yaliyonaswa ndani ya lipu yalipimwa kwa kaboni, na ncha za chokaa zilizoota baadaye zikapimwa kwa urani inayogeuka thori. Majibu yanaafikiana na miaka ya karibu 700 KK, ingawa wapo wanaakiolojia wanaouweka mapema zaidi. Maandishi yaliyopatikana ukutani 1880, ambayo sasa yako Istanbul, yanasimulia wachimbaji waliotoka pande mbili wakakutana. Hayataji mfalme yeyote. Jina la Hezekia linatoka kwenye Biblia.

Sampuli huharibika kirahisi. Mkaa wa boriti kuukuu hutoa umri wa mti, si wa moto ulioichoma, ndiyo maana wachimbaji hupendelea kokwa za zeituni na nafaka, mavuno ya msimu mmoja. Hufungwa kwenye karatasi ya alumini, si pamba, kwa sababu pamba ina kaboni yake. Maabara huosha kwa asidi na alkali, kisha miligramu chache hutosha. Baadhi ya magombo ya Bahari ya Chumvi, yaani maandiko ya kale ya Kiyahudi yaliyopatikana mapangoni, yalipakwa mafuta ya mbarika miaka ya 1950 ili yasomeke. Mafuta hayo ni kaboni mpya, na yasipoondolewa gombo huonekana changa kuliko lilivyo.

Gombo kubwa la Isaya, mojawapo ya magombo hayo, limepimwa pia, na majibu, pamoja na mwandiko wake, yanaelekeza karne ya 2 KK hivi. Kipimo hicho kinahusu ngozi iliyoandikiwa. Nakala ile inazitangulia nakala kamili za Kiebrania za Enzi za Kati kwa miaka 1,000 hivi na inafanana nazo kwa sehemu kubwa, pamoja na tofauti nyingi ndogo. Maneno yenyewe yalitungwa lini ni swali linalofuatiliwa kwa lugha na historia, kwa kuwa ngozi haibebi jibu lake.