Inhela si dawa ya mwisho: tunayoambiana Nairobi kuhusu pumu, na ukweli wake

"Pumu ni ugonjwa wa watoto wa kishua"

Hii husemwa kwa uhakika mkubwa: wanaougua pumu ni watoto wanaolelewa kwenye mazulia na paka, ila mtoto anayecheza mavumbini tangu azaliwe, kifua chake kimeshazoea.

Mukuru na Buruburu ni mitaa jirani. Mukuru ni nyumba za mabati zilizobanana kando ya viwanda vya Industrial Area, na Buruburu ni nyumba za mawe zenye geti. Mwaka 2023 watafiti wa mradi uitwao Tupumue walichapisha matokeo ya uchunguzi waliowafanyia watoto wa shule 2,373 wa pande hizo mbili. Watoto ambao kifua chao hupiga miluzi walikuwa asilimia 9.5 Mukuru na asilimia 6.4 Buruburu. Kwa hiyo vumbi na moshi havikumkomaza mtu kifua. Lakini ilipofika kwa watoto waliowahi kupimwa na kuambiwa kwamba wana pumu, hesabu iligeuka: Buruburu asilimia 2.8, Mukuru asilimia 1.2.

Takwimu hiyo inaniuma. Wanaohangaika zaidi ndio ambao hawajaambiwa wanaugua nini, na asiyejua anaugua nini hawezi kupewa dawa inayofaa. Uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba, katika mitaa yote miwili, matatizo ya kifua yaliandamana na mambo tunayoishi nayo kila siku: dawa ya mbu ya kuchoma, mtu mzima anayevuta sigara nyumbani, taka zinazochomwa karibu na makazi, na nyumba kuwa karibu na barabara. Hakuna hata moja kati ya hayo linalochagua kati ya tajiri na maskini, isipokuwa maskini ana nafasi ndogo ya kulihama.

"Ni baridi tu imemwingia kifuani"

Hapa kuna ukweli nusu, na ndiyo maana dhana yenyewe haing'oki. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Julai asubuhi hewa huuma kweli. Kwa mtu ambaye tayari ana pumu, hewa baridi na kavu inaweza kuzifanya njia za hewa zijibane. Lakini baridi haimpandikizi mtu pumu.

Ndani ya njia za hewa za mwenye pumu kuna uvimbe ambao mara nyingi upo hata siku anazojisikia vizuri. Kikija kichochezi, misuli inayozizunguka njia hizo hukaza, kuta zake huvimba zaidi, na makamasi mazito huziba nafasi iliyobaki. Hewa huingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi, na hapo ndipo miluzi ile husikika. Hali huwa mbaya zaidi usiku na alfajiri. Huja, hutulia, kisha hurudi.

Sasa fikiria tunavyofanya msimu wa baridi. Virusi vya mafua vinazunguka darasani na kwenye matatu zilizofungwa madirisha, na mafua ya kawaida ni miongoni mwa vichochezi vikubwa vya pumu kwa watoto. Jioni tunafunga dirisha, tunaingiza jiko la makaa ndani ili chumba kipate joto, halafu tunawasha dawa ya mbu. Mtoto anavalishwa sweta mbili na kulazwa katikati ya moshi. Akikohoa saa nane usiku tunalaumu baridi, na kesho yake tunafunga dirisha mapema zaidi. Jiko hilo, kwanza, ni hatari hata kwa asiye na pumu, kwa kuwa makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo huua watu usingizini.

Asubuhi tunakwenda kemisti tukaeleze kwamba mtoto ana kifua, na tunatoka na dawa ya kikohozi na antibiotiki. Antibiotiki huua bakteria, na uvimbe wa pumu si kazi ya bakteria. Mtoto atapata nafuu baada ya siku kadhaa kwa sababu pumu ina tabia ya kutulia, na sifa itakwenda kwa antibiotiki. Nimonia ipo, na huua watoto wadogo. Mtoto mwenye homa anayehema kwa kasi apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Lakini mtoto anayeambiwa ana "nimonia" mara tatu au nne ndani ya mwaka mmoja, mzazi ana haki ya kumwuliza daktari waziwazi: inaweza kuwa pumu?

"Ukianza inhela hutaiacha tena"

Kama kuna dhana moja ningeomba ife kesho, ni hii. Ina ndugu zake: kwamba inhela, kile kikopo cha dawa ya kuvuta kwa mdomo, ni kali mno kwa mtoto, kwamba huharibu moyo, kwamba ni ya mtu aliyekwisha hali. Wengi huomba vidonge wakiamini wamechagua kitu chepesi.

Tazama vipimo. Mvuto mmoja wa inhela ya kawaida ya salbutamol, dawa ya kufungua kifua, hutoa mikrogramu 100 za dawa. Kidonge cha salbutamol cha miligramu 4 kina mikrogramu 4,000, yaani sawa na mivuto 40. Kidonge hupitia tumboni, huingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima kabla ya sehemu ndogo kufika kifuani, ndiyo maana mikono hutetemeka na moyo hudunda. Inhela hupeleka dawa kidogo pale inapohitajika, na kifua huanza kufunguka ndani ya dakika chache.

Na uraibu? Dawa za inhela hazimpi mtu ulevi wala kiu. Anayezihitaji kwa muda mrefu anazihitaji kwa sababu ugonjwa wenyewe ni wa muda mrefu, kama vile ambavyo mwenye presha humeza dawa yake kila siku na hakuna anayemwita mraibu.

Kinachotuchanganya zaidi ni kwamba kuna inhela za aina mbili. Ya kwanza, mara nyingi ya bluu, ni ya kufungua kifua. Hulegeza misuli iliyokaza na nguvu yake huisha baada ya saa nne hivi, lakini uvimbe haiugusi. Ya pili, mara nyingi ya kahawia ingawa rangi hutegemea mtengenezaji, ina steroidi kwa kiasi kidogo, na ndiyo inayotuliza uvimbe siku baada ya siku. Hii ya pili haikupi nafuu ya papo hapo, na kwa hiyo watu huiacha baada ya wiki moja wakisema haifanyi kazi. Wanabaki na ya bluu, wanavuta asubuhi, mchana na usiku, huku uvimbe ukiendelea kukua chini yake.

Mwaka 2019 GINA, jopo la kimataifa linalotoa miongozo ya pumu, lilisema kwamba watu wazima na vijana wenye pumu wasitibiwe tena kwa dawa ya kufungua kifua peke yake. Kila mmoja apate na dawa ya steroidi ya kuvuta. Siku hizi zipo pia inhela zenye dawa zote mbili ndani ya kopo moja. Mwaka huohuo wa 2019, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, pumu iliua watu 455,000. Vifo vingi vya pumu hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako ugonjwa hautambuliwi mapema na dawa ya kutuliza uvimbe haiwafikii watu. Ukiona unahitaji ile ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, au unaamshwa usiku na kifua, pumu yako haijadhibitiwa. Rudi kliniki.

Kuhusu steroidi, hofu inaeleweka, maana jina hilo tumelisikia kwenye krimu za kujichubua na sindano za kunenepesha. Kipimo cha kwenye inhela ni cha mikrogramu, na tatizo la kawaida ni utando mweupe mdomoni au sauti kukwaruza. Sukutua mdomo kwa maji na uteme kila baada ya kuvuta.

Kuvuta kwenyewe nako wengi hukosea. Tikisa kopo, toa pumzi yote, bana mdomo wa inhela kwa midomo yako, bonyeza mara tu unapoanza kuvuta pumzi polepole, kisha zuia pumzi kwa sekunde kumi. Ngoja kidogo kabla ya mvuto wa pili. Mtoto hawezi kuoanisha hayo yote, na hata watu wazima wengi huishia kupaka dawa kooni. Suluhisho lake ni spesa, chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Huna hela ya spesa? Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa safi ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni tundu linalobana vizuri mdomo wa inhela, hufanya kazi karibu sawa na spesa ya dukani kwa watoto. Mtoto hupumulia upande wa shingo ya chupa, pumzi tano hadi kumi kwa kila mbonyezo. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuipangusa kwa kitambaa.

"Anakohoa hivyo, si ni TB hiyo?"

Pumu haiambukizi. Unaweza kula naye sahani moja, ukalala naye kitanda kimoja. Lakini sitaki mtu atumie sentensi hiyo kukwepa kipimo. Kikohozi kilichozidi wiki mbili, hasa kikiwa na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda au damu kwenye makohozi, kipimwe TB, na katika vituo vya umma nchini Kenya kipimo na dawa za TB ni bure. Kinyume chake pia hutokea: mtu akapewa dawa za TB miezi sita huku kifua kikipiga miluzi vilevile. Kama vipimo havikuonyesha TB na hali huja na kuondoka, ulizia pumu.

"Mwenye pumu asikimbie"

Shuleni mtoto huyu huwekwa kando wakati wa michezo, akalinde sweta za wenzake. Paula Radcliffe wa Uingereza aligunduliwa kuwa na pumu akiwa msichana. Mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa muda wa saa 2:15:25, rekodi ya dunia kwa wanawake iliyodumu hadi 2019, ilipovunjwa na Mkenya Brigid Kosgei huko Chicago. Mazoezi yanaweza kuchochea kifua, ndiyo, lakini pumu iliyodhibitiwa inaruhusu mtu kukimbia. Apashe mwili polepole, inhela iwe mfukoni mwake na si kwenye kabati la mwalimu lililofungwa kwa kufuli.

Mengine kwa ufupi

Tangawizi, asali na ndimu hutuliza koo. Njia za hewa zilizojibana hazifungui. Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

"Ataacha akikua": wengine huacha, hasa waliopiga miluzi wakiwa wachanga kwa sababu ya mafua, na wengine huendelea au hurudiwa ukubwani. Pumu pia huanza utu uzimani, na mara nyingi kazini. Unga wa ngano kwa mwokaji mikate, dawa za kupausha nywele saluni, rangi ya kupuliza gereji. Ukiona kifua hutulia ukiwa likizo na kubana ukirudi kazini, mwambie daktari unafanya kazi gani.

Mjamzito asiache inhela yake. Kukosa hewa ni hatari zaidi kwa mtoto tumboni kuliko dawa hizo.

"Akibanwa, mlaze apumzike"

Hapana. Mkalishe wima, legeza nguo, wasogezeni watu na moshi mbali. Mpe inhela ya kufungua kifua kwa spesa au chupa, mbonyezo mmoja mmoja, kuanzia minne hadi kumi. Unaweza kurudia baada ya dakika 20 mkiwa njiani kwenda hospitali. Usisubiri kuche kama hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, kama nyama za katikati ya mbavu zinaingia ndani kila anapohema, kama midomo inabadilika rangi, au kama nafuu ya inhela haidumu. Miluzi ikinyamaza ghafla huku mtu bado anahangaika, hiyo si nafuu: hewa haipiti tena, na kila dakika ina maana.

Akiruhusiwa kurudi nyumbani, amalize vidonge vya steroidi alivyopewa, na aonwe tena kliniki ndani ya siku chache. Hapo ndipo pa kuomba inhela ya kutuliza uvimbe, kama hakuwa nayo, na kuomba nesi amtazame akiivuta.