Nyutro Mbili: Kuvuta Pikapu Nyuma ya Motahomu Magurudumu Yote Yakiwa Chini

Kuanzia mwezi wa Oktoba barabara za Arizona huanza kujaa wastaafu waliozikimbia theluji za kaskazini mwa Marekani na Kanada, na ifikapo Januari maelfu yao huwa wamepiga kambi Quartzsite, mji mdogo wa jangwani ulio karibu na mpaka wa California. Wengi huja na motahomu, yaani gari lenye umbo la basi ambalo ndani yake mna jiko, kitanda, choo na bafu, na nyuma ya motahomu hufuata gari jingine dogo lisilo na dereva. Sababu yake ni nyepesi: ukishaegesha nyumba ya mita 11 kambini, huwezi tena kuing'oa kila unapohitaji mkate. Kwa kuwa karakana yangu iko Phoenix, msimu huo ndio unaonipa kazi nyingi, na gari ninaloletewa mara nyingi zaidi kuliandaa kwa safari ya namna hiyo ni pikapu.

Kwetu Afrika Mashariki kuvuta gari maana yake ni kuita breki dauni, au kufunga kamba na kumweka mtu kwenye usukani wa gari bovu ili akanyage breki na kukata kona. Hapa hakuna mtu ndani ya gari la nyuma, safari ni ya mamia ya kilomita kwa mwendo wa barabara kuu, na gari linalovutwa ni zima, tena mwenyewe anataka kuliendesha jioni ile ile. Tofauti hizo tatu ndizo zinazoleta masharti yote nitakayoyaeleza, na sharti la kwanza, ambalo wateja wangu hulikosea kuliko yote, linahusu neno nyutro.

Mtu anayejua kuendesha gari huamini kwamba gia ikiwa nyutro magurudumu yako huru, na kwa safari ya kusukuma gari kutoka hapa hadi pale penye kivuli yuko sahihi. Lakini nyutro ya giaboksi hukata mawasiliano kati ya injini na sehemu ya nyuma ya giaboksi, haikati mawasiliano kati ya sehemu hiyo na magurudumu. Gari likivutwa, magurudumu huzungusha difu, yaani gia za katikati ya ekseli, difu huzungusha propela shafti, ile nondo ndefu inayopita chini ya gari, na propela shafti huzungusha sehemu ya nyuma ya giaboksi kwa kasi ile ile ya barabarani. Katika gia otomatiki, pampu ya oili huendeshwa na injini kutoka upande wa mbele, kwa hiyo injini ikiwa imezimwa pampu nayo imesimama, na vyuma vya nyuma vinasagana bila oili. Gia ya mkono nayo si salama moja kwa moja kama wengi wanavyodhani, kwa sababu katika giaboksi nyingi za pikapu oili hurushwa juu na shafti ya chini inayozungushwa na injini, nayo husimama gari likivutwa likiwa nyutro.

Niliwahi kuletewa pikapu ya magurudumu manne, yaani ambayo injini inaweza kuyasukuma yote manne, iliyovutwa kutoka Albuquerque hadi Phoenix, zaidi ya kilomita 600, mwenyewe akiwa ameweka giaboksi nyutro na kuiacha transfa, boksi linalogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kwenye nafasi ya kuendeshwa kwa magurudumu mawili ya nyuma. Oili ya gia otomatiki ikiwa mpya huwa nyekundu kama sharubati ya rozela. Iliyotoka kwenye pikapu ile ilikuwa nyeusi, ikinuka kama kitu kilichosahaulika jikoni, na chini ya sampu, yaani bakuli la oili, palikuwa na unga wa chuma. Mzee yule aliniapia kwamba alikuwa ameweka nyutro. Alikuwa anasema kweli, ila aliweka nyutro isiyohusika.

Nyutro inayohusika ni ya transfa, lile boksi lililo nyuma ya giaboksi. Transfa yenye nyutro ya kweli huzitenga propela shafti zote mbili na giaboksi, hivyo magurudumu yanaweza kuzunguka kutwa nzima huku giaboksi ikiwa imelala. Swali la haki ni hili: transfa yenyewe inapata wapi oili? Katika transfa nyingi za aina hii pampu ndogo ya ndani imefungwa kwenye shafti ya kutokea, ile inayoungana na propela shafti ya nyuma, kwa hiyo magurudumu yenyewe ndiyo yanayoizungusha. Gari likienda, oili inapanda, likisimama, haihitajiki. Kwangu mimi hicho ndicho kipande cha ufundi kinachoifanya shughuli hii yote iwezekane.

Kutokana na hapo utaelewa kwa nini pikapu mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kutofautiana kabisa kwa jambo hili. Jeep Gladiator, iliyoingia sokoni kama modeli ya 2020, inaruhusiwa na kitabu chake kuvutwa hivi kwa sababu transfa yake ina nyutro. Ram 1500 na Chevrolet Silverado 1500 za magurudumu manne zinaruhusiwa pale tu transfa iliyofungwa ina nyutro, na ndugu zao wa magurudumu mawili hawaruhusiwi. Ford nayo ina F-150 za magurudumu manne zilizopewa uwezo huo. Toyota Tacoma yenye gia otomatiki haiingii kwenye orodha, jambo linalowaudhi sana watu wanaoipenda kwa uimara wake. Wasomaji wa Dar es Salaam na Nairobi huniuliza kuhusu Hilux za zamani zenye kijiti cha transfa kinachoonyesha N; ninachowajibu ni kwamba herufi hiyo peke yake si ruhusa, ruhusa imo katika kitabu cha gari la mwaka ule na modeli ile, na muuzaji wa gari hana mamlaka ya kuitoa kwa mdomo. Mwenye pikapu ya magurudumu mawili hubaki na njia ya kufungiwa kifaa cha kuitenganisha propela shafti, au kununua trela.

Hata penye ruhusa, utaratibu ufuatwe wote. Kwa Jeep, kwa mfano, ukishaingiza transfa nyutro unawasha injini, unaweka gia ya kurudi nyuma, unaachia breki kwa sekunde 5 na kuangalia kama gari linasogea; kisha unafanya hivyo hivyo kwa gia ya kwenda mbele. Lisiposogea kote kuwili ndipo unazima injini na kuirudisha gia otomatiki kwenye P, nafasi ya kuegesha. Mtu asiyejua hushtuka kusikia gari linavutwa likiwa kwenye P, lakini hapo giaboksi imeshatengwa, na P inaishikilia isizunguke hata kidogo. Jaribio hilo huchukua chini ya dakika moja. Mimi hulifanya hata pale taa ya dashibodi inapoonyesha kuwa nyutro imeingia, maana transfa nyingi za siku hizi huhamishwa na mota ya umeme, na betri ikiwa dhaifu mota inaweza kuishia njiani.

Uzito huwasumbua watu kwa sababu wanasoma namba moja na kuacha nyingine. Chukua motahomu ya petroli ambayo kibao chake kinaruhusu paundi 22,000 kwa gari lenyewe likiwa na mzigo, na paundi 26,000 kwa msafara mzima pamoja na kinachovutwa. Hata kama kiungio cha nyuma kimeandikwa paundi 5,000, ukijaza motahomu hadi mwisho unabakiwa na paundi 4,000 tu, ilhali Gladiator au F-150 ya magurudumu manne hupita hapo ikiwa tupu. Motahomu za dizeli zenye injini nyuma kwa kawaida huwa na nafasi kubwa zaidi. Ipelekeni motahomu kwenye mizani ikiwa na maji, mafuta na vyombo vyote ndani, halafu ndipo tuzungumze.

Kuhusu breki nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo watu hutaka kubana fedha. Barabara ya Interstate 17 hushuka kutoka Flagstaff, yapata mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, hadi Phoenix kwenye mita 330 hivi, na njiani ina miteremko mirefu inayowapikia breki hata madereva wa malori. Pikapu ya kilo 2,200 iliyofungwa nyuma yako bila breki zake humsukuma dereva wa mbele kila anapotaka kupunguza mwendo. Sheria za majimbo zinatofautiana kuhusu uzito unaolazimisha breki ya ziada, lakini pikapu ya ukubwa kamili ni nzito kiasi kwamba mimi sikubali kuifunga bila hiyo, jimbo liseme lisemavyo.

Kifaa cha kawaida ni boksi linalowekwa mbele ya kiti cha dereva wa pikapu, lenye mkono unaokanyaga pedeli pale motahomu inapofunga breki. Hapa kuna mtego. Busta ya breki, kifaa kinachouongezea mguu nguvu, ikiwa ya kutumia vakyumu (mvuto wa hewa) huhifadhi vakyumu hiyo kwa muda baada ya injini kuzimwa, na pedeli yenye msaada wa busta ni nyepesi kuliko isiyo nao. Ukirekebisha nguvu ya boksi bila kwanza kuimaliza vakyumu kwa kukanyaga pedeli mara kadhaa hadi iwe ngumu, vipimo vyako vitakuwa vya uongo. Pikapu mpya zenye busta ya umeme zina tabia nyingine kabisa, na zinahitaji kifaa kilichotengenezwa kwa ajili yao. Tena kwenye motahomu za dizeli, breki ya ekzosi, inayopunguza mwendo kwa kuubana moshi wa injini, huweza kuwasha taa za breki. Kifaa kinachosubiri ishara ya taa kitaendelea kuikanyaga pedeli ya pikapu mteremko mzima, na utafika chini na diski za rangi ya zambarau. Pamoja na boksi lazima iwepo kebo nyembamba ya dharura inayochomoka iwapo pikapu itakatika, ili breki zake zijifunge zenyewe.

Mkono wa kuvutia, ule wa umbo la A, ufungwe kwenye kitako cha chuma kilichoshikwa na chasisi, kamwe si kwenye bampa, na ulale karibu sawa na ardhi. Ukipishana kwa zaidi ya inchi 3 hivi kati ya mbele na nyuma, wekeni kiungio cha kushusha au kupandisha. Kebo za usalama zipishane chini yake. Taa za nyuma za pikapu ziunganishwe kupitia daiodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ili umeme wa motahomu usirudi kwenye mfumo wa pikapu. Usukani usijifunge, na kwa magari ambayo ni lazima swichi iachwe imewashwa ili usukani uwe huru, wekeni waya wa kuchaji betri njiani. Baadhi ya pikapu nyingine, kinyume chake, kitabu kinataka waya hasi wa betri uchomolewe.

Jambo ambalo hakuna kifaa kinachoweza kulitatua ni kurudi nyuma. Magurudumu ya mbele ya pikapu hufuata yenyewe unapokwenda mbele kwa sababu yameinamishwa kama gurudumu la toroli la dukani, na kama toroli hilo, ukilisukuma kinyume hugeuka ghafla. Usukani huzunguka hadi mwisho, matairi huburuzwa kwa ubavu, na mkono wa kuvutia hupinda. Ukiingia kituo cha mafuta kisicho na njia ya kutokea, shuka uitenganishe pikapu hapo hapo, foleni ikungoje.

Na unapoitenganisha, kumbuka kwamba P haiishikilii pikapu maadamu transfa bado iko nyutro. Gari langu mwenyewe lilinifunza hilo Quartzsite: nilichomoa pini kabla ya kuvuta breki ya mkono, nikainama kuzikunja kebo, na nilipoinua kichwa pikapu ilikuwa inateremka polepole kuelekea meza ya majirani waliokuwa wanakunywa chai. Ilisimama kwenye kichaka kikavu, hatua tatu kabla ya birika.